"For" na "To": Nyanya Yako Anajua Tofauti, Wewe Je?

Wasee, leo tuongee kuhusu neno dogo sana lenye linaaibisha watu wazima: "for".

Sema kwenye video "I came to Nairobi for finding a job" uone. Kabla ya jioni ushageuzwa meme. Watu hawajawahi kukutumia hata mia moja ya nauli wanakuwa walimu wa Kiingereza ghafla. Lakini waulize kosa ni gani hasa. Utaambiwa, "Aah, haisikiki poa." Hiyo si jibu. Anayecheka hajui sheria, anajua tu kucheka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa. Digrii sina. Lakini naandika Kiingereza kila siku, maelezo ya video, barua za kuomba udhamini, kwa hivyo hii kitu nimeichunguza kwa sababu inanilisha. Na msimamo wangu ni huu: kama unajua Kiswahili, nusu ya hii sarufi iko kichwani mwako tayari. Shida ni kwamba hakuna mtu alikuambia.

Cheki. Kwa Kiingereza, mtu akifanya jambo ili afikie jambo lingine, lengo linabebwa na "to" na kitenzi kitupu. "I came to see you." "She went to town to buy shoes." Hapo "for seeing" na "for buying" zinakataa. Lakini ukieleza kifaa ni cha kazi gani, "for" na "-ing" zinaingia bila vita: "This knife is for cutting meat."

Sasa sema hizo kwa Kiswahili. "Nimekuja kukata nyama." "Hiki ni kisu cha kukatia nyama." Umeona hiyo "-ia"? (Na nyinyi mnaojua kukatia ile ingine, tulieni.) Sabuni ya kuogea. Kalamu ya kuandikia. Sufuria ya kupikia. Mtu anaenda kuoga, sabuni ni ya kuogea. Nyanya yako, hata kama hajawahi kukanyaga darasa, hutenganisha lengo la mtu na kazi ya kifaa kila siku akiwa jikoni.

Kwa hivyo kosa linatoka wapi? Linatoka kwa "ku-". Kwetu inafanya kazi mbili. "Nataka kusoma", hapo Mwingereza anasema "to read". "Kusoma ni raha", hapo anasema "reading". Sisi tuna moja, wao wamegawa. Halafu tuna "kwa ajili ya kutafuta kazi", na ukiitafsiri neno kwa neno unaangukia "for" na "-ing" moja kwa moja. Huyo wa video hakukosa akili. Alitafsiri kwa makini kuliko hao wanaomcheka.

Kuna ingine inachanganya: "Thank you for coming." Si hiyo ni "for" na "-ing", na inahusu mtu? Ndiyo, lakini hiyo si lengo, ni sababu. Umeshakuja, ndio maana unashukuriwa. Kanjo akikupiga faini "for parking here", gari lilikuwa limeshaegeshwa. Sababu inaangalia nyuma, lengo linaangalia mbele. Ukishika hapo umeshika karibu kila kitu.

Karibu, kwa sababu bado kuna "I look forward to meeting you". Hiyo "to" si ya kitenzi. Weka jina la kitu uone: "I look forward to Friday." Imekubali? Basi kitenzi kikija hapo kinavaa "-ing". Na chunga "stop". "I stopped to talk to her" ni nilisimama niongee naye. "I stopped talking to her" ni niliacha kuongea naye. Moja ni mwanzo wa mapenzi, ingine ni mwisho.

Kitu inaniuma ni hii. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Lakini ingia darasa la Kiingereza useme neno moja la Kiswahili uone macho ya mwalimu. Kuna shule zilivisha watoto monto shingoni kwa sababu ya kuongea lugha ya nyumbani. Sasa mtoto atalinganisha aje "kukata" na "kukatia" kama moja imefungiwa nje ya mlango? Ningekuwa mwalimu, somo la kwanza lingekuwa kisu na nyama, kwa Kiswahili, dakika kumi tu.

Na wale wa kucheka, fungueni Biblia ya King James ya 1611. Mtapata "for to" mbele ya kitenzi, ikionyesha lengo. Leo mtoto akiandika hivyo anachorewa mstari mwekundu, lakini kuna wakati hicho kilikuwa Kiingereza cha kusomwa kanisani.

Ukiandika barua ya kazi wiki hii, "I am writing to apply" inatosha. Ile "for the purpose of applying" si kosa, lakini inanuka ofisi ya chifu, na wewe unaomba kazi ya kuuza viatu.