Leseni ya Pikipiki na Mafunzo Yake

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli shambani, lakini haimfai askari anayetafuta mafunzo ya pikipiki. Yeye hana budi kuchagua, tena achague kwa makini, kwa maana atakachofundishwa ndicho kitakachomrudisha kambini au nyumbani akiwa mzima.

Twasema hivi kwa sababu pikipiki imekwisha kuwa chombo cha kazi kwa polisi na kwa wanajeshi katika Uganda nzima. Ndiyo impelekayo konstebo katika vijiji ambako gari halipiti, na askari wengi hununua za kwao za kuendea kazini. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2020, yataka kila mwendeshaji awe na leseni ya daraja la chombo chake. Daraja la pikipiki ni A. Anayejifunza hupewa kwanza kibali cha muda, kisha hupimwa na mkaguzi kabla ya kupewa leseni kamili. Hayo wengi wanayajua. Lisilofikiriwa sana ni kipindi kilicho kati ya kibali na mtihani: ni nani atakayemfundisha mtu huyo, kwa muda gani, na atamfundisha nini.

Mara nyingi mwalimu huwa ni rafiki mwenye pikipiki, na shule huwa ni uwanja wa mpira wakati wa jioni. Mwanafunzi akiisha kujua kutia gia na kuzunguka uwanja bila kuanguka, huhesabiwa kuwa amefuzu. Wengine humwendea yule anayetangaza kwamba kwake leseni hupatikana upesi na kwa fedha kidogo. Sisi twaona kwamba njia zote mbili ni za hatari, na maoni yetu hayatokani na dhana tu.

Mwaka 1981, mtaalamu Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, alitoa taarifa ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki zilizotokea katika eneo la Los Angeles. Katika kila waendeshaji 100 waliopata ajali hizo, 92 walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na jamaa na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajatimiza miezi 5 juu ya pikipiki waliyopata nayo ajali. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kuona hatari na kuiepa. Katika muda huo mfupi wengi walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hata gurudumu likaburura, na breki ya mbele wakaitumia kidogo mno.

Jambo hilo la breki lastahili kuangaliwa sana. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kuisimamisha. Lakini aliyejifunza na rafiki huiogopa, kwa kuwa aliambiwa itampindua. Itampindua kweli akiikamata kwa ghafula. Akiikaza kwa kadiri na kwa taratibu, itamwokoa. Katika barabara ya changarawe au yenye matope mkono hauna budi kuwa mwepesi zaidi, maana gurudumu la mbele likikwama na kuteleza ni vigumu kulirudisha. Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa kusimuliwa. Hupatikana kwa kurudiarudia zoezi mbele ya mtu anayeona kosa na kulisahihisha.

Kuna nchi zilizoweka utaratibu huo katika sheria. Uingereza ilianzisha mafunzo ya lazima kwa wanaoanza pikipiki mwaka 1990. Mkufunzi anapowatoa wanafunzi barabarani hawezi kuwa na zaidi ya 2 kwa wakati mmoja, na asiyefikia kiwango hapewi cheti hata kama amelipa. Baadaye, anayetaka leseni kamili hufanya mtihani wa nadharia, kisha mitihani 2 ya vitendo. Katika wa kwanza hutakiwa kwenda polepole bila kuyumba, kugeuka mahali pembamba, kusimama kwa dharura kutoka mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, na kukwepa kizuizi. Hatusemi kwamba kila jambo la huko litufae sisi. Twasema kwamba mambo hayo ndiyo kipimo kizuri cha kupimia kozi yoyote.

Basi, ndugu askari, kabla hujatoa fedha yako, uliza maswali machache. Je, mkufunzi ana wanafunzi wangapi kwa kila pikipiki, nawe utakaa juu yake kwa saa ngapi? Je, utafundishwa kusimama kwa dharura na kukwepa, au kuzunguka uwanja tu? Je, utatolewa barabarani penye magari, kwenye njia panda na katika mvua? Je, pikipiki ya kujifunzia yafanana kwa uzito na ile utakayoitumia kazini? Je, utafundishwa kubeba mtu nyuma, jambo ambalo hubadili breki na mizani ya chombo? Na je, mkufunzi huyo huweza kumwambia mwanafunzi kwamba bado hajawa tayari? Asiyeweza kusema hivyo, huyo auza karatasi.

Liko swali jingine, la kofia ngumu. Somo hili lilipatikana jeshini kabla ya kupatikana uraiani. Daktari Hugh Cairns, aliyemhudumia T. E. Lawrence baada ya ajali ya pikipiki iliyomuua mwaka 1935, alichunguza majeraha ya kichwa ya matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Aliyatangaza matokeo mwaka 1941, na mwezi wa Novemba mwaka huo jeshi likaamuru kofia ngumu kwa waendesha pikipiki wake walio kazini. Raia wa nchi hiyo walilazimishwa na sheria mwaka 1973 tu. Kozi ambayo mwanafunzi hupanda pikipiki kichwa kitupu siku ya kwanza haistahili kulipiwa.

Twawageukia sasa wakubwa wa vikosi na wa vituo. Ni desturi mbaya kumkabidhi kijana funguo kwa sababu tu amesema anajua. Amri yaweza kumpandisha mtu juu ya pikipiki, lakini haiwezi kumpa mkono wa kuisimamisha. Afadhali kazi ichelewe siku chache askari awapo mafunzoni, kuliko kupoteza askari na chombo kwa siku moja.

Tena polisi ana wajibu wa ziada. Yeye ndiye amsimamishaye mwendesha bodaboda na kumwomba leseni. Raia huyo akijua kwamba aliyemsimamisha hana leseni yake mwenyewe, au aliipata bila kufundishwa, atatii kwa hofu ya sare, wala si kwa heshima ya sheria. Sheria isiyoshikwa na mlinzi wake haiwezi kushikwa na wengine.

Kozi nzuri huenda ikagharimu fedha zaidi na siku zaidi, nasi twafahamu kwamba mshahara wa askari si mkubwa. Hata hivyo, twamshauri kila askari anayetaka leseni kamili awe na subira, akusanye kidogo kidogo, na aende kwa mwalimu atakayemchosha kwa mazoezi. Mtihani ni wa asubuhi moja. Barabara itampima kila siku, na haitamwuliza kama anayo leseni.