Tunahesabu miti, mbona hatuhesabu vinamasi? Nenda Saiwa ujionee

UKIAMBIWA utaje mbuga za Kenya, utaanza na Maasai Mara, uende Tsavo, Amboseli na Nakuru, na kama unaishi Nairobi utamalizia na ile iliyo mlangoni pako. Saiwa huenda usiitaje hata ukipewa dakika tano. Usione haya. Kuna watu waliozaliwa na kusomea Kitale, kilomita ishirini na kitu kutoka hapo, na hawajawahi kukanyaga.

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, kaunti ya Trans Nzoia, ndiyo ndogo zaidi ya mbuga za kitaifa nchini: takriban kilomita 3 za mraba tu. Ilitengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, ambaye wengi tunamjua kama sitatunga. Huyu ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka ili asizame kwenye tope, na akiona hatari anaweza kujitumbukiza majini akaacha pua tu nje. Ukitaka kumwona, sahau gari. Magari hayaingii Saiwa. Unatembea kwa miguu, unapita kwenye vijia vya mbao vilivyojengwa juu ya kinamasi, unapanda mnara wa mbao, kisha unakaa kimya. Kimya kweli, si kile cha kunong'onezana kuhusu picha ya kupakia mtandaoni.

Nzohe unaweza kumkosa. Ndege huwezi. Vitabu vinataja zaidi ya aina 370 hapo, katika nchi yenye aina zaidi ya 1,100. Fika alfajiri, kabla jua halijachoma, na uwe na darubini, hata ya kuazima. Utamwona mdiria amekaa kwenye tete akivizia samaki. Utamwona shorobo, wa zambarau iliyoiva, ambaye akiruka anafunua mabawa mekundu hadi unashtuka. Kwenye miti kando ya maji kuna kima mwenye ndevu nyeupe anayeitwa karasinga, na ukimwona utajua mara moja jina lilitoka wapi. Halafu kuna korongo taji, yule wa bendera ya Uganda, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani. Huyu shikilia jina lake, tutamrudia.

Sasa, kwa nini nakusumbua na kinamasi cha Kitale wakati kuna habari kubwa zaidi? Ni kwa sababu kila mvua ikianza tunasikia wito uleule wa kupanda miti. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Mimi sina ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni na hesabu. Mche ni rahisi kuhesabu: unapigwa picha na waziri, namba inaongezeka. Kinamasi hakina picha ya namna hiyo. Kikikauka, hakuna anayetangaza kwamba tumepoteza kimoja.

Na ubaya ni kwamba mti wenyewe unaweza kukimaliza kinamasi. Mkaratusi unakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Ndiyo maana zamani watu waliupanda makusudi kukausha sehemu zenye maji, na ndiyo maana mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ung'olewe karibu na vyanzo vya maji. Mwaka huohuo zilitoka kanuni za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na fuo za ziwa. Ziliandikwa vitabuni. Lakini tembea kando ya mto wowote magharibi mwa nchi uone mikaratusi ilivyosimama. Mwenye shamba si mjinga. Mkaratusi unakua haraka, na nguzo zake ni karo ya shule. Ukimwambia aukate umpe nini badala yake?

Hapa ndipo Saiwa inafundisha kuliko mbuga kubwa. Mara ni kubwa hata unasahau kwamba nje kuna watu. Saiwa ni ukanda mwembamba uliobanwa na mashamba pande zote, na hii ni Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba yaliyo juu huteremka hadi kwenye mafunjo. Mbolea huteremka nao. Tangu 2022 serikali imekuwa ikitoa mbolea ya ruzuku, na bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi Sh2,500 mwaka 2023. Mkulima alishukuru, na alikuwa na haki. Lakini mbolea ambayo haikufika kwenye mhindi haiyeyuki hewani, jamani. Inaenda majini, inanenepesha magugu. Mlinzi wa mbuga anaweza kumzuia jangili langoni. Maji yenye tope atayazuia na nini?

Maji hayo nayo hayabaki Saiwa. Yanaingia kwenye mfumo wa mto Nzoia, unaoshuka hadi Ziwa Victoria kupitia Budalang'i. Kila tunapoona watu wa Budalang'i wakibeba magodoro kwenye mitumbwi, tunajadili kuta za kuzuia mafuriko. Ni sawa tuzijadili. Ila kinamasi ni kama sponji: kinapokea maji mengi kwa pupa na kuyaachilia polepole. Saiwa peke yake ni ndogo mno kuokoa mtu Budalang'i, tusidanganyane. Lakini vile visehemu vya chepechepe visivyo na jina, vilivyokuwa nyuma ya kila boma tangu Cherangani hadi chini, vikijumlishwa ni kitu kikubwa. Tumevichimbia mitaro kimoja baada ya kingine, tukapanda sukumawiki.

Turudi kwa korongo taji. Shirika la IUCN limemweka kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012. Anajenga kiota chini, katikati ya nyasi za kinamasi, lakini chakula anatafuta nje: malishoni, kwenye mashamba, hata katikati ya ng'ombe. Kwa hivyo ua wa mbuga haumtoshi. Wengine huchukua mayai na vifaranga wake, wengine humtilia sumu kwa sababu ya mbegu, na nyaya za umeme humuua akiruka. Kama jozi moja inalea vifaranga nje ya mbuga, kwenye kisehemu cha mtu binafsi, basi kuna jirani ambaye hajachimba mtaro. Huko Kipsaina, karibu na mbuga, kuna kikundi cha wanakijiji kilichoanzishwa mahsusi kwa ajili ya korongo hawa na vinamasi vyao. Watu wa kawaida, si wafadhili wenye magari makubwa.

Na wewe kijana unaingia hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo hesabu. Ukiwa na simu na bando kidogo, unaweza kuandika ndege uliowaona kwenye eBird au Kenya Bird Map, pamoja na mahali na tarehe, na watafiti wakaitumia. Orodha ya asubuhi moja ni kitu kidogo. Orodha za miaka kumi kutoka sehemu moja ni ushahidi ambao mtu anaweza kuupeleka bunge la kaunti bajeti ikijadiliwa. Ya pili ni riziki. Watalii wa ndege hawafanani na wa simba. Wanakaa siku nyingi, wanaamka saa kumi na moja, na wanahitaji mtu anayejua sauti ya kila ndege. Chama cha waongoza watalii kina mitihani ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Kazi hiyo haiji kwa mwezi mmoja, na msimu wa wageni ukiwa mbaya inauma. Lakini ni kazi ambayo kinamasi kikikauka inakufa, kwa hivyo anayeifanya ana sababu ya kugombana na mwenye mtaro.

Kwenda ni rahisi. Panda matatu ya barabara ya Kitale kuelekea Kapenguria, shuka njia panda ya Kipsaina, umalizie kwa boda. Ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo angalia bei kabla hujatoka nyumbani na ubebe kitambulisho. Vaa gambuti kama mvua imenyesha. Ukiwa juu ya mnara na umechoka kumtafuta nzohe, geuza darubini upande wa pili, nje ya mbuga: mahindi, nyumba ya mabati, mstari wa mikaratusi. Mara nyingi korongo taji yuko huko.