Kura Isiyo na Sanduku

Yako maneno yasemwayo katika miji mikubwa ya Kanada, hata na watu wenye elimu, kwamba jimbo la uchaguzi la Nunavut limependelewa mno. Husema, “Watu wa huko, kwa hesabu ya mwaka 2021, hawakufika 37,000, nao wana mbunge wao Ottawa. Sisi tu zaidi ya 100,000, na mbunge wetu ni mmoja vile vile. Je, hii ni haki?”

Hesabu yao ni ya kweli, walakini ni nusu ya hesabu. Nunavut ina kilomita za mraba zaidi ya 2,000,000, na wengi wa wenyeji wake ni Wainuiti, walioitwa zamani Waeskimo. Miji na vijiji vyao ni 25, wala hapana barabara iunganishayo kijiji na kijiji. Watu husafiri kwa ndege, na meli za mizigo hufika wakati wa kiangazi tu, barafu inapoyeyuka. Mtu wa Toronto aweza kumwendea mbunge wake kwa miguu. Mtu wa Grise Fiord, kule kaskazini kabisa, aende kwa miguu gani?

Tena wasemaji hawa wamesahau mambo ya juzi. Mwaka 1934 sheria ya Kanada iliwakataza Wainuiti kupiga kura, ikiwataja kwa jina la kabila lao. Mwaka 1950 katazo lile likaondolewa. Lakini masanduku ya kura hayakupelekwa katika vijiji vyote vya mashariki ya nchi ile ya barafu mpaka mwaka 1962. Miaka 12! Aliyekaribishwa karamuni asiandaliwe sahani, je, tumwambie kwamba amekwisha kula? Na Mwinuiti wa kwanza kuketi katika Bunge lile, Peter Ittinuar, alichaguliwa mwaka 1979, jimbo likiitwa bado Nunatsiaq.

Nao wapendao mizani, mbona hawakipimi kisiwa cha Prince Edward? Watu wake mwaka 2021 walikuwa kama 154,000, na wabunge wake ni wanne. Gawanya mwenyewe, msomaji: kila mbunge ana watu wapata 38,600, karibu sawa na yule wa Nunavut. Na kisiwa chenyewe mtu hukipita kwa motokaa, toka ncha hata ncha, kabla jua halijatua.