Mahali Pasipo Popote Pana Majina

Iko filamu moja ya Kijerumani ambayo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili na wa Historia katika shule zetu za sekondari aitazame, kisha awatazamishe wanafunzi wake. Inaitwa "Nirgendwo in Afrika". Ilielekezwa na Bi. Caroline Link, ikatolewa mwaka wa 2001, na mnamo 2003 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Neno la kwanza la jina lake lina maana ya "si mahali popote". Hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanzia, ingawa ni ugomvi wa mtu anayeipenda.

Kisa chenyewe ni cha kweli kwa sehemu kubwa. Marehemu Stefanie Zweig, aliyefariki mwaka wa 2014, aliletwa Kenya na wazazi wake akiwa mtoto mnamo 1938, Wayahudi wakiikimbia Ujerumani ya Hitler. Riwaya aliyoitunga juu ya maisha hayo ilichapishwa 1995, na ndiyo iliyozaa filamu. Baba, wakili aliyepokonywa kazi yake, anageuka kuwa msimamizi wa shamba la mlowezi huko Rongai. Mama aliagizwa alete jokofu. Badala yake akanunua gauni la karamu, akashuka nalo katika nchi ambamo hapakuwa na karamu ya kuendea. Sijui kama kuna picha ielezayo vizuri zaidi jinsi mtu aliyefikwa na msiba mkubwa anavyokataa kuamini kwamba umemfika.

Wenye fedha za filamu huona nchi moja ya Afrika kuwa sawa na nyingine. "The Ghost and the Darkness" ya 1996, isimuliayo habari za simba wala watu wa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini! Bi. Link hakufanya hivyo. Alikuja Kenya yenyewe, akampa Mkenya, marehemu Sidede Onyulo, nafasi ya Owuor mpishi, na akaacha watu waseme Kiswahili pale ambapo wangesema Kiswahili. Matokeo yake yanaonekana. Vumbi ni vumbi letu, na mwanga wa saa kumi jioni ni ule ule tuujuao.

Hata hivyo, aijuaye Rongai ya mahindi na ngano, au Ol Joro Orok ya baridi na ukungu ambako familia ile ilihamia baadaye, atashangaa kidogo kuona nyanda kavu za migunga. Mjerumani aliyeketi Berlin hatajali. Kwake Afrika yapasa kuwa kavu. Lakini mwanafunzi wa Nakuru anaweza kuuliza: kwa nini kwetu kunaonyeshwa hivi? Swali hilo moja lina somo zima la fasihi ndani yake, nalo halihitaji kitabu cha mwongozo.

Lipo swali zito zaidi. Mashamba yale yalikuwa katika zile nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999, huku Waafrika waliokuwa wakiishi pale wakihesabiwa kuwa maskwota. Basi familia iliyopoteza kila kitu ilianza upya juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wameipoteza. Sisemi kwamba Wayahudi wale ndio waliokosa. Wao wenyewe walikuwa vibarua wa mlowezi, na vita vilipozuka 1939 Waingereza waliwafunga kama raia wa nchi adui. Filamu inaligusa jambo hili pale mume anapomkaripia mkewe kwa jinsi anavyomdharau Owuor, akimkumbusha ni akina nani wengine wanaodharauliwa hivyo huko kwao. Inaligusa, kisha inaendelea na safari yake.

Na Owuor je? Yeye naye ni mtu wa mbali, Mjaluo aliyeiacha Nyanza akafuata kazi Bonde la Ufa. Ndiye anayemuuguza bwana malaria inapomlaza, na ndiye anayemfundisha mtoto lugha. (Kiswahili chake ni cha shambani, si cha Lamu wala Mombasa, naomba walimu wenzangu wasikikimbilie kwa kalamu nyekundu, maana ndicho kilichojenga daraja pale.) Mwishoni wenye nyumba wanajiandaa kurudi Ujerumani, naye anashika njia yake. Kamera haimfuati. Twajua baba alikwenda kuwa hakimu Frankfurt; twajua nini juu ya pale Owuor alipoanzia tena?

Bonde hilo hilo la Ufa limeona watu wengi wakianza upya bila kamera. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini, na laki kadhaa wakatimuliwa makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya mahema. Watoto waliolala katika mahema yale sasa ni watu wazima. Baadhi yao yamkini ni walimu wanaosoma ukurasa huu.

Kwamba hatuna ujuzi si kweli. "Nairobi Half Life" ya 2012 na "Supa Modo" ya 2018 zilielekezwa na Wakenya kwa ushirikiano na Wajerumani, na zilipendwa hapa na ng'ambo. Tena tunao wanafunzi wanaotunga tamthilia kila mwaka kwa ajili ya tamasha za drama, wengi wakirudia visa vile vile vya mjini. Ningependa kuona shule moja ya Rongai au Molo ikipanda jukwaani na kisa cha familia iliyorudi shambani mwaka wa 2009 ikakuta kuta hazina paa, na jirani aliyekuwa akiwatazama kwa mbali, hajui kama awasalimu.