Bunduki, Baruti na Jaribio Lisilofanana na Matumizi

Katika mafundisho ya sayansi ya sekondari, pengine hakuna kanuni inayokaririwa kuliko ile isemayo kwamba katika jaribio hubadilishwa kitu kimoja tu, na vingine vyote huachwa kama vilivyo. Mwanafunzi huinakili daftarini, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Naamini huisahau kwa sababu hajapata kuonyeshwa gharama ya kuivunja. Akibadilisha urefu wa kamba ya pendulamu pamoja na uzito wake kwa wakati mmoja, mwalimu humkemea kidogo, na kazi hurudiwa wiki ifuatayo.

Napendekeza tumpe mfano mzito zaidi, nao ni bunduki ya Marekani iitwayo M16 pamoja na risasi zake kati ya mwaka 1964 na 1968. Wapo walimu watakaosema kuwa silaha haina nafasi darasani. Nawaelewa. Lakini hapa hatufundishi kutengeneza risasi wala kutumia bunduki. Somo lote ni la ubaoni, na kanuni zake ni zilezile zilizomo katika vitabu vya fizikia na kemia.

Tuanze na mashine yenyewe. Risasi kamili ina ganda la shaba, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Fataki ikigongwa, baruti huwaka na kutoa gesi nyingi yenye kanieneo kubwa, nayo hukisukuma kichwa kupita katika mtutu. Katika bunduki hii, iliyobuniwa na Eugene Stoner, kuna tundu dogo ubavuni mwa mtutu. Kichwa cha risasi kikishapita tundu hilo, sehemu ya gesi huingia katika bomba jembamba na kurudi nyuma, ikalisukuma komeo lifunguke, livute ganda tupu, lilitupe nje, kisha springi ilirudishe mbele pamoja na risasi mpya. Mzunguko wote huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Jambo la kuangaliwa ni ganda. Kanieneo inapokuwa juu, shaba hupanuka na kuzibana kuta za chemba kwa nguvu. Kanieneo ikishuka, shaba hujirudi na ganda hulegea. Komeo likifunguka mapema mno, huvuta ganda ambalo bado limebana. Hapo huweza kung'oa ukingo wa ganda au kuuponyoka, na bunduki hukwama mikononi mwa mwenye kuitumia. Kwa hiyo bunduki nzima hutegemea wakati, na wakati huo hutegemea jinsi baruti inavyoungua.

Bunduki ilibuniwa na kujaribiwa kwa baruti ya kampuni ya Du Pont, ambayo chembe zake ni vibomba vidogo vyenye tundu katikati. Mwalimu wa hisabati hapa ana hazina. Kibomba kikiungua, eneo la nje hupungua huku eneo la tundu likiongezeka, hivyo jumla ya eneo linaloungua hubaki karibu ileile. Tufe likiungua, eneo lake hupungua tangu mwanzo hadi mwisho. Watengenezaji wa baruti yenye chembe za mviringo hulipunguza tatizo hilo kwa kuzipaka chembe kemikali inayochelewesha muwako wa mwanzo. Hivyo baruti mbili zaweza kukipa kichwa cha risasi kasi ileile mdomoni mwa mtutu, nayo kanieneo mahali pa tundu ikawa tofauti kabisa.

Ndivyo ilivyotokea. Jeshi lilitaka kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde bila kuvuka kikomo cha kanieneo katika chemba, na baruti ya kwanza ilishindwa kulitimiza hilo kwa uhakika. Mwaka 1964 iliidhinishwa baruti ya mviringo ya kampuni ya Olin, ambayo tayari ilikuwa ikitumika katika risasi kubwa zaidi za jeshi. Kasi ilipatikana. Lakini kanieneo penye tundu ilipanda, komeo likaanza kurudi kwa kishindo, na bunduki nyingi zikapita kikomo cha risasi 850 kwa dakika. Tena baruti hiyo ilikuwa na kalisi kabonati, kemikali ileile ya mawe ya chokaa, iliyowekwa ili kuzimua asidi inayobaki katika nitroselulosi. Masalia yake yalichangia kuziba njia ya gesi.

Sasa tufike penye kiini cha hoja yangu. Kiwanda cha Colt kilipoona kuwa bunduki zake hazikidhi kikomo kwa baruti mpya, kiliruhusiwa kufanya majaribio ya kukabidhi kwa risasi zenye baruti ya zamani. Bunduki zikafaulu kiwandani kwa baruti moja, kisha zikapelekwa Vietnam pamoja na risasi za baruti nyingine! Karatasi za majaribio zilikuwa safi, wala hakuna tarakimu iliyoghushiwa. Ila zilijibu swali ambalo askari hakuliuliza.

Huko vitani palikuwa na unyevunyevu, chemba zilishika kutu, na vifaa vya kusafishia havikutosha, kwa kuwa bunduki ilisifiwa kuwa haihitaji usafi mwingi. Mwaka 1967 malalamiko ya askari yalifika katika bunge la Marekani, yakiwamo ya wale walioona wenzao wamekufa kando ya bunduki zilizokwama. Kamati ndogo iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilichunguza, na mwezi Oktoba mwaka huo ikatoa taarifa kwamba mabadiliko ya baruti hayakuwa na ushahidi wa kutosha wa majaribio.

Wengi huihadithia habari hii kana kwamba baruti ya mviringo ilikuwa mbovu. Mimi sikubaliani nao. Baruti ya jamii hiyohiyo iliendelea kutumika katika bunduki za aina hii kwa miongo mingi baadaye. Ubovu ulikuwa katika kuihesabu bunduki kuwa bidhaa moja na risasi kuwa bidhaa nyingine, kila moja na ofisi yake na vipimo vyake, ilhali kwa asili ni mashine moja.

Mtutu ulipofupishwa, jambo hilo lilijitokeza upya. M16 ina mtutu wa sentimita 51, na tundu lake la gesi liko sentimita 33 hivi kutoka nyuma. Kichwa cha risasi kikilipita tundu hubakiwa na sentimita 18, na kwa kasi ya kadiri ya mita 900 kwa sekunde huzimaliza kwa sekunde 0.0002. Katika bunduki fupi za Colt za miaka hiyo, zenye mtutu wa sentimita 25, tundu lilisogezwa nyuma, na baada yake zilibaki sentimita 6 tu. Wanafunzi na wakadirie wenyewe: kwa kasi ya mita 750, muda ni sekunde 0.00008. Gesi ni ya moto zaidi na kanieneo yake ni kubwa zaidi, ila muda wa kusukuma umepungua zaidi ya nusu. Tundu likiwa dogo, komeo halifiki nyuma. Likipanuliwa kupita kiasi, komeo hurudi kwa ghadhabu. Waliokata mtutu walidhani wamebadilisha urefu peke yake, kumbe wamebadilisha pia wakati, joto na kanieneo.

Raia wa Marekani wanaojijazia risasi kwa ajili ya bunduki fupi, ambazo sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1934 hutaka zisajiliwe, wamejifunza kanuni hii kwa hofu ya vidole vyao. Walio makini hubadilisha kitu kimoja kwa hatua ndogo, hawavuki vipimo vilivyochapishwa, na huandika kila kitu daftarini. Laiti wanafunzi wetu wangeandika daftari za maabara kwa uangalifu huo.

Marekebisho ya M16 nayo yanastahili kipindi kizima. Kati ya mwaka 1966 na 1968 uzito ulio mbele ya springi uliongezwa ili kupunguza kasi ya komeo, chemba zikapakwa kromi zisishike kutu, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na kijitabu cha picha kilichochorwa na Will Eisner kikawafundisha askari usafi. Bunduki ikatulia. Lakini dawa hizi zote zilitolewa karibu kwa wakati mmoja, maana vita haikungoja. Mwalimu na awaulize wanafunzi ni ipi iliyoponya, na kwa kiasi gani, kisha awaache wabishane mpaka wagundue kwa nini swali hilo halijibiki.