Beki wa Msimu Mmoja

Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, iliwaleta kwenye safu yake ya ulinzi watu wawili ambao shabiki yeyote wa soka nchini ama alikuwa ameshawachoka au alikuwa bado anawahusudu: Kelvin Yondani na Juma Nyosso. Wote wawili walikuwa wameshavaa jezi ya Simba zamani, na wote wawili walikuwa katika umri ambao watangazaji humtaja mchezaji kwa miaka yake kabla ya kumtaja kwa jina.

Ukikaa na mashabiki wa Chato, ambako timu ya mkoa ni ya kila mtu kuanzia muuza dagaa wa mwalo wa Kasenda hadi mwalimu wa sekondari, swali la usajili wa namna hii halikosekani: mkoa umejaa vijana, wazee wanafuata nini? Msimu wa 2021/22 ulijibu kwa matokeo. Timu ilimaliza nafasi ya nne, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Hoja ikalala. Msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar, na hoja ikaamka ikiwa na hasira zaidi.

Nadhani ugomvi huu wa wazee na vijana umeanzia pabaya. Umri haumfanyi beki azunguke nchi nzima kama mfanyabiashara wa mnadani. Kinachomzungusha ni mkataba wa msimu mmoja, na kwa timu inayobebwa na mali ya umma, mkataba huo unatuhusu sote.

Mtazame Yondani. Mwaka 2012 alihama Simba kwenda Yanga kwa mvutano ambao ulifika mezani kwa wakubwa wa soka. Kisha akatulia. Alikaa Yanga kwa muda wa miaka 8 hivi, na akiwa mchezaji wa Yanga alikwenda na Taifa Stars kwenye fainali za AFCON 2019 nchini Misri, fainali za kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Alipoachana na Yanga mwaka 2020 ndipo safari zikaanza: Polisi Tanzania ya Moshi, kisha Geita. Mtu ni yuleyule. Alipokuwa na klabu yenye uwezo wa kumpa miaka hakuhamahama, na alipoingia kwenye soko la timu za mikoani akageuka msafiri ndani ya muda mfupi sana.

Au mchukue Erasto Nyoni, aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Burkina Faso kule Ouagadougou mwaka 2007 na bado mwaka 2023 alikuwa anahamia Namungo. Katikati hapo kuna miaka mingi Azam na miaka 6 Simba. Hakuna aliyemwita mzururaji.

Nyosso ndiye mfano mgumu. Baada ya Simba alipita Coastal Union, Mbeya City, Kagera Sugar, Ruvu Shooting, halafu Geita. Septemba 2015 alifungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 2 kwa kitendo cha kumdhalilisha John Bocco, nahodha wa Azam, uwanjani, na halikuwa kosa lake la kwanza la aina hiyo. Adhabu ile ilistahili, na simwombei huruma. Ninachokitazama ni kilichofuata: mchezaji amekaa miaka miwili bila kucheza, na anaporudi ni Kagera Sugar, jirani zetu wa upande wa pili wa Biharamulo, wanaomfungulia mlango. Soka la mikoani lina tabia hiyo ya kumwokota aliyeachwa na wengine. Kuna wema ndani yake, lakini hesabu ipo pia: aliyeachwa hana nguvu ya kudai mwaka wa pili.

Kwa nini mabeki zaidi kuliko mastraika? Straika ana namba inayomtangaza. Mpole alifunga 17, na kila mtu anajua thamani ya 17. Beki hana namba. Kazi yake nzuri ni jambo ambalo halikutokea, na kwenye meza ya usajili jambo ambalo halikutokea halina bei.

Siku moja usikae jukwaani, simama nyuma ya goli, umwangalie beki wa kati aliyezidi miaka 33. Hakimbii sana. Mpira ukiwa upande wa pili yeye haufuati kwa macho. Anatazama mabega ya straika. Mkono mmoja uko nyuma, ncha za vidole zinamgusa mtu kiunoni ili ajue yuko wapi bila kugeuka. Mdomo haufungwi: "Sogea! Toka! Mwache huyo, ingia ndani!" Krosi inapopigwa yeye ameshachukua zile hatua mbili ambazo kijana wa miaka 20 atazichukua mpira ukiwa tayari hewani. Faulo yake anaifanya mapema, katikati ya uwanja, kabla mwamuzi hajaanza kukumbuka kadi. Mambo hayo hayapatikani kambini kwa wiki mbili. Kijana huyachota kwa kucheza ubavuni mwa anayeyajua, msimu baada ya msimu, na hapo ndipo mkataba wa mwaka mmoja unapotuumiza mara ya pili: mwalimu huondoka kabla mwanafunzi hajajua kusoma.

Kwa hiyo mimi siwataki wakongwe waondoke. Nataka wakae.

Tuseme ukweli pia kwamba mchezaji naye ana hesabu zake. Mshahara wa timu ndogo unaweza kuchelewa, lakini fedha ya usajili, angalau ile sehemu ya kwanza, huingia mkononi siku ya kusaini. Kila dirisha ni nafasi ya kuipata tena. Mtu ambaye hana uhakika wa mshahara wa Novemba atapenda kusaini kila Julai, na ukimpa miaka mitatu atakuuliza utamlipa kwa nini. Ndiyo maana kuwalaumu wachezaji kwamba hawana mapenzi na timu ni maneno ya barazani. Kijana wa Buseresere anaufahamu mchezo huu kabla hajaona mkataba wowote: Jumamosi anachezea kijiji chake, Jumapili anakodiwa na kijiji cha pili kwenye ndondo akiwa mamluki, kwa nauli na kitu kidogo cha mfukoni. Mkataba wa msimu mmoja ni umamluki uleule, ila una muhuri.

Kanuni za FIFA zenyewe zinaruhusu. Muda mfupi kabisa wa mkataba ni kuanzia siku unapoanza hadi mwisho wa msimu. Mrefu kabisa ni miaka 5. Klabu nyingi duniani hucheza karibu na ncha ile fupi. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54, na asilimia 41 walisema mishahara yao ilicheleweshwa katika misimu miwili iliyotangulia. Basi si ugonjwa wa Geita peke yake. Lakini kanuni hizohizo zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Haki hiyo ina meno kwa mwenye wakala na mwanasheria. Beki wa umri mkubwa aliyeko mbali na Dar es Salaam, anayejua kwamba dirisha lijalo atabisha hodi kwa viongozi walewale, hukaa kimya.

Deni la mishahara huwa halibaki siri ya chumbani. Agosti 2023 Kitayosce, timu iliyokuwa njiani kuwa Tabora United, ilianza mechi ya Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8, kwa sababu FIFA ilikuwa imeizuia kusajili kutokana na madai. Mchezo ulivunjika mapema kipindi cha kwanza baada ya timu kupungukiwa watu, ubao ukisomeka 4-0. Watu walilipa kiingilio kuangalia robo saa ya aibu.

Huku kwetu kuna kumbukumbu nzito zaidi. Mwanzoni mwa 2016, siku ya mwisho ya kundi la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 huku Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro 7-0. TFF iliziadhibu timu zote nne kwa upangaji wa matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Sidai kwamba njaa ndiyo iliyofunga mabao 15 siku ile. Nasema tu kwamba anayetaka kununua mechi hatafuti beki mwenye miaka miwili mbele yake na mshahara unaoingia kwa wakati. Anatafuta mtu ambaye mwezi ujao hana timu.

Sasa tuje kwenye fedha. Geita Gold ni timu ya Halmashauri ya Geita, na kwa miaka mingi imesimama kwa udhamini wa mgodi wa GGML. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kurudisha faida kwa jamii unapaswa kukubaliwa na serikali za mitaa. Dhahabu ile haitoki kwenye ardhi ya klabu. Diwani anapohoji zahanati imekwama wapi na madawati yamefika mangapi, hakuna anayemshangaa. Vivyo hivyo ana haki ya kuhoji wafanyakazi wa timu inayobeba jina la mkoa wameajiriwa vipi. Wafanyakazi, narudia. Beki ni mfanyakazi kama dereva wa halmashauri, tofauti ni kwamba yeye anapigwa viatu.

Hapa nina jambo moja la kudai, na si kubwa: michango ya NSSF iwe sharti la leseni ya klabu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hubeba angalau nusu. Kwa mchezaji wa mshahara wa shilingi milioni 1, ni shilingi laki 2 kwa mwezi. Pensheni ya uzee inahitaji miezi 180, yaani miaka 15. Watu hudhani hakuna mchezaji anayeweza kufika huko, kumbe wazururaji ndio wanaofika. Hesabu misimu ya Nyosso au Yondani, toa ile ya kifungo, bado unakaribia au unapita miaka 15 ya kazi ya kulipwa. Na namba ya uanachama humfuata mtu kutoka Moshi hadi Bukoba hadi Geita, tofauti na mapenzi ya viongozi. Kweli, atastaafu soka akiwa na miaka 37 na pensheni inamsubiri kwenye 55, kwa hiyo haitamlisha kesho yake. Lakini kuna fao la upotevu wa ajira, na kwa upande wa majeraha kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri peke yake.

Ally Mtoni, waliyemwita Sonso, alipita Lipuli na Yanga, akaenda AFCON 2019, na alikuwa Ruvu Shooting alipofariki Februari 2022 baada ya kuugua mguu, hajafika miaka 30. Msiba wake si fimbo ya kumchapia mtu yeyote. Ila tangu siku ile najiuliza ni wangapi kwenye Ligi Kuu, na wangapi zaidi huko Championship, daraja la chini yake, ambao mguu ukiharibika leo wana karatasi inayosema nani analipia matibabu.

Klabu zitasema hazina uwezo. Kwa timu za mchangani nakubali. Kwa ligi ambayo mwaka 2021, uleule Geita Gold ilipopanda, haki zake za televisheni ziliuzwa kwa Azam Media kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, nasita. Mgao unaweza kukatwa michango kabla haujafika klabuni, kama mshahara wa mwalimu unavyokatwa. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi: timu ikishuka, nani atawalipa mabeki wenye mikataba ya miaka miwili? Geita imeshaonja. Dawa yake ni kuandika kushuka ndani ya mkataba tangu mwanzo: timu ikienda Championship, mshahara unapungua kwa kiwango kilichokubaliwa, mchezaji anaruhusiwa kuondoka bure akipata pengine, na asipopata anabaki kazini. Huyo anayebaki ndiye atakayecheza ubavuni mwa kijana aliyetoka UMISSETA ya Chato. Mambo haya hujadiliwa wakati mshahara unapopangwa. Shabiki akija kuyaulizia Mei, timu ikiwa nafasi ya 15, kalamu zimeshakauka.