Tuwaulize kwanza wanaochelewa



Kila asubuhi nasimama mlangoni mwa shule na daftari, naandika majina ya wanaochelewa. Ndiyo kazi niliyopewa, tena naipenda, sababu shule bila saa si shule. Lakini Jumatatu moja nilitoka nyumbani mapema kabisa, nikapitia pwani ya ziwa.

Mitumbwi ilikuwa inarudi, taa zingali zinawaka. Akina mama wenye mabeseni waliingia majini mpaka magotini, wakigombania bei ya ndagala. Katikati yao niliona sare yetu, bluu na nyeupe: msichana wa mwaka wa tatu anamtwika mama yake beseni.

Mbele kidogo, kwenye robine, mabido ya manjano yalipangwa mstari (mzuri kuliko mistari yetu ya ibada, kusema kweli). Wanafunzi wangapi pale! Anayechoka kungoja anashuka kuteka ziwani, na wote twajua kipindupindu kimezoea Uvira tangu miaka mingi.

Halafu nikafika daraja la Mulongwe. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto huu ulifurika, ukabeba watu na nyumba, ukaacha mawe. Sasa mawe yale ni kazi: watu wanayaponda kwa nyundo, wanauza kokoto kwa wajenzi. Kijana mmoja wa darasa langu alikuwa anaponda, mfuko wa vitabu umewekwa pembeni. Aliponiona aligeuza uso.

Alifika shuleni saa mbili kasoro dakika kumi, vumbi jeupe ku nywele. Nikamwandika. Saa ya mapumziko alifagia uwanja, hakusema neno. Mimi nami nilinyamaza, na nilikuwa najua.

Ndugu zangu, adhabu ile haikuwa ya haki. Aliyelala na aliyetoka kutafuta pesa ya shule tunawapa ufagio mmoja! Wengine watasema: tukianza kuuliza sababu, wote watadanganya, «Yaya, mama alinituma maji.» Ndiyo, wako watakaodanganya, nawajua hata majina. Lakini robine iko wapi? Daraja liko wapi? Tutembee, tuone. Mwongo mmoja akituponyoka, si hasara kubwa kama kumfagilisha yule kijana.

Katika daftari nimekwisha kupiga mstari mpya kwa rula, pembeni ya majina, na juu nimeandika «Sababu». Nangoja ruhusa ya Bwana Prefe. Yule kijana nimekwenda kumwomba msamaha. Alicheka, akaniuliza kama najua kushika nyundo.